Siku Nilipofunga Koki ya Mtungi kwa Katani

Mwaka 1951, nikiwa na miaka tisa, baba yangu alifariki kule Fukayosi na shida ikaanza wiki ileile, kwa sababu baba zangu wadogo walichukua shamba, mama akarudi kwao, na mimi nikapelekwa Bagamoyo kwa fundi mmoja wa visima na bomba nikamshikie kamba. Darasani nilikaa miezi saba tu. Nayasema haya kwanza ili mjue kwamba nilichonacho nimekitoa kwenye mikono hii miwili, na mjue pia kiburi changu kilitoka wapi, maana mkasa ninaotaka kuwaeleza ni wa aibu, aibu ya mtu mzima mwenye kanzu nyeupe mbele ya kijiji kizima, na kwa miaka mingi mtu akiutaja tu nilikuwa nanyanyuka barazani na kuacha kahawa yangu inapoa. Sasa nimezeeka, walionicheka wengi wametangulia (na waliobaki hawana meno ya kuchekea), basi nausema mwenyewe.

Yule fundi aliyenilea, Mungu amrehemu, alinifundisha kazi na desturi moja. Kazi ikiisha, fundi hakabidhi kimyakimya. Anasimama mbele za watu, mwenye kazi anamwuliza, "Fundi, umeridhia?" Fundi akijibu kwamba ameridhia, basi lawama yote ni yake kuanzia hapo, na anavishwa kofia mpya. Akijibu kwamba bado, chombo hakiguswi hata mwenyewe awe nani. Mara mbili nilimshuhudia mzee yule akisema hajaridhia mbele ya watu wenye haraka, wakamtolea maneno mabaya, yeye akakaa chini akaanza upya kama hakusikia kitu. Mimi lile neno la kuridhia nililipenda sana, na kofia zake. Lile jingine sikujifunza.

Sasa twende mwaka 1969. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, fundi ninayejitegemea, bomba za mji nusu zimepita mikononi mwangu, na rafiki yangu alikuwa Bakari wa Mlingotini, mzamiaji. Wengine walizama kwa pumzi yao, Bakari alizama na mitungi. Mzungu mmoja aliyependa kutazama samaki chini ya maji alimwachia mitungi mitatu ya chuma alipoondoka nchini, mitungi mizito, ya zamani, rangi imebabuka lakini chuma kizima, pamoja na kompresa ndogo ya petroli ya kuijazia hewa. Tatizo lilikuwa koki zake za juu, yaani kile kichwa cha kufungulia na kufungia hewa. Chumvi ilikuwa imezila, zinavuja, moja haikufunguka kabisa.

Masika ya mwaka ule barabara ya kutoka Dar ilikatika, na mashine ya kusaga ya kijiji, ambayo akina mama wa Mlingotini walikuwa wameisubiri miaka wakitwanga kwa mikono, ikaletwa kwa mashua. Mashua ikapinduka ikiwa imeshafika mlangoni mwa ghuba, watu walipona wote, mashine ikazama pima saba. Wazamiaji wa pumzi waliigusa, lakini ilikuwa imelala kifudifudi kwenye tope na hakuna mtu mwenye pumzi ya kuikalia mpaka aichimbue na kuifunga mnyororo. Hiyo ilikuwa kazi ya Bakari na mitungi yake. Akaenda bandarini Dar, akapata koki tatu mpya, zinang'aa kama meno ya dhahabu, akaniletea.

"Fundi Mwinshehe," akaniambia, "sina mtu mwingine."

Maneno hayo, mtu aliyelelewa kwa kufukuzwa akiyasikia, anavimba. Mimi nilivimba.

(Na kuna jambo jingine, nisilifiche: Bakari alikuwa na dada yake, Mwanaisha, na mimi nilikuwa nimeshapeleka mtu kuulizia, na mama yao, Bi Tatu, alikuwa amejibu kwamba atanitazama kwanza. Basi nilikuwa natazamwa.)

Nikaibana mitungi kwenye jiriwa, nikazitoa koki za zamani kwa spana ya bomba na jasho. Zilipotoka niliona zilikuwa zimekaa sawasawa, kama kidole kwenye pete yake. Nikachukua koki mpya nikaiingiza. Ikaingia. Meno yakashika meno, ikazunguka mpaka chini, nikafurahi. Kisha nikaishika kichwa nikaitikisa, ikacheza. Kidogo tu, unene wa ukucha, tiki, tiki. Nikajaribu ya pili, tiki, tiki. Ya tatu vilevile.

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema "sijui". Neno lenyewe ni dogo, na dunia nzima hulisema kila siku. Lakini Bakari alikuwa amekaa mbele yangu, akauliza, "Mbona kama inacheza?" na mimi, badala ya lile neno dogo, nikamjibu, "Inacheza kwa sababu haijavaa nguo."

Nguo niliyokuwa naisema ni katani. Sisi watu wa bomba za maji dawa yetu ni hiyo: bomba likilegea unalizungushia nyuzi za katani kwenye meno, unapaka rangi nyekundu ya chuma, unakaza mpaka mkono uume, na maji hayapiti hata tone. Nimeziba Bagamoyo nzima kwa katani, nitashindwa na chupa ya hewa? Koki zile zilikuja na kipete cha mpira cheusi shingoni, kimoja kimoja, nikavichomoa vyote vitatu nikavitia mfukoni, maana kwa akili yangu mpira ulikuwa kazi ya mafundi baiskeli. Nikazungushia katani nene, nikapaka rangi, nikakaza. Nikatikisa. Kimya. Kama msumari kwenye mvule. Tukatia hewa kidogo, tukapaka povu la sabuni, hakuna hata kiputo kimoja. Bakari akacheka kwa furaha, na mimi nikaanza kuamini uongo wangu mwenyewe, na huo ndio uongo mbaya kuliko wote, kwa sababu hauna mtu wa kuusuta.

Angalia sasa jinsi jambo dogo linavyozaa. Kazi yangu ilikwisha Jumatano, ningeweza kuikabidhi nyumbani kwangu nikanyamaza, lakini mimi nikataka desturi itimizwe, mbele za watu, uani kwa Bi Tatu, Mwanaisha akiona. Ikapangwa Ijumaa baada ya sala. Nikavaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, mtu anayekwenda kujaza mitungi na kompresa ya petroli, kanzu nyeupe. Nilipofika watu walikuwa wamejaa, mwenyekiti wa kijiji yupo, wazee wapo, na nyuma ya ua wa makuti akina mama wanapika wali wa nazi wa sadaka, kwa ajili ya mashine yao na salama ya Bakari.

Bakari alikuwa na mazoea yake ya kujaza. Alichimba shimo ndani ya banda la makuti lililokuwa pale uani, akauzika mtungi umesimama wima kwenye mchanga mbichi mpaka shingoni, akaumwagia maji, ili usipate moto ukijazwa. Nilimtania mbele za watu kwamba anazika maiti, aulaze tu chini tuone kazi. Watu wakacheka. Kisha mwenyekiti akaniuliza lile swali, kwa sauti, kama nilivyokuwa nimemfundisha mwenyewe asubuhi ile.

"Fundi, umeridhia?"

Nakwambieni, mkono wangu wa kulia ulikumbuka. Akili ilikuwa imeshasahau ile tiki tiki, lakini vidole vilikuwa vinaijua. Nikavificha mgongoni, nikasema, "Nimeridhia." Nikavishwa kofia mpya, ya vito, nzuri.

Kompresa ikawashwa. Hewa ikaanza kuingia, mshale wa geji unapanda polepole, watu wamesogea. Mimi sikutosheka. Nikamwita Bakari, nikamwambia piga magoti hapo, weka sikio juu ya koki, usikie kimya cha kazi ya fundi. Bakari akapiga magoti. Akainamisha kichwa chake juu ya koki ile, sikio limeigusa hasa, na mshale unapanda.

Bi Tatu akatoka jikoni na bakuli. Alikuwa amemwandalia mwanawe kombe, zile aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani na kuoshwa kwa maji ya waridi, anywe kabla hajaenda baharini. Akamwita. Bakari akasema, "Nakuja, mama," asiinuke. Na mimi, kwa ulimi wangu huuhuu, nikasema, "Mama, mwache kwanza amalize kusikiliza."

Bi Tatu hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Akanitazama, kofia mpya mpaka kanzu, akasema, "Wewe fundi umeridhia. Mimi mama yake bado. Bakari, njoo."

Bakari akainuka. Akatembea hatua saba au nane. Akapokea bakuli, akasema bismillahi, akanywa funda la kwanza, na alipokuwa kwenye funda la pili ile koki ikatoka.

Sijui niufananishe na nini mlio ule. Nilichoona ni kwamba banda lilikuwa na paa la makuti na sasa paa lina tundu la ukubwa wa sinia, na juu ya tundu ni mbingu. Mpira wa hewa ulikatika, ukawa unajipiga chini kama nyoka aliyekanyagwa. Mchanga, katani na rangi nyekundu ambayo ndani haikuwa imekauka vikaruka vikanijia mimi, kuanzia ndevu mpaka pindo la kanzu. Mtungi wenyewe haukwenda popote. Mchanga wa Bakari uliushika. Ungekuwa umelazwa chini kama nilivyotaka mimi, leo kusingekuwa na mtu wa kucheka.

Sasa ndio aibu yenyewe. Mimi, mwenye kuridhia, mwenye lawama, nilikimbia. Sikukimbia kama mtu mzima, nilikimbia kama kuku. Mwenyekiti alisimama pale pale, wazee walisimama, Bakari mwenyewe alirudi mbio akazima kompresa, mimi nikapita katikati ya ua wa makuti (mlango ulikuwepo, sikuutumia), nikatokea jikoni kwa akina mama, kanzu ikanasa kwenye kijiti, nikayumba kinyumenyume, nikakaa kitako. Na mahali nilipokaa palikuwa na mbuzi. Simsemi mnyama, ile ya kukunia nazi, yenye ulimi wa chuma wenye meno. Mwanaisha alikuwa ameikalia na alikuwa ndiyo kwanza ainuke aone kishindo ni cha nini.

Nikapiga ukelele kwamba nimepigwa, nimepigwa, kipande kimeniingia, nisomeeni. Kwa kuwa nilikuwa mwekundu mwili mzima, akina mama waliamini, mmoja akaanza kulia, wakanilaza kifudifudi juu ya mkeka. Nikapiga shahada. Nikawaombea radhi watu ambao sikuwahi hata kuwakosea. Bi Tatu akaja, akainama, akagusa mgongo wangu kwa kidole, akanusa.

"Hii ni rangi," akasema. Akatazama chini zaidi. "Na hii ni mbuzi."

Kicheko kilichotoka jikoni kile, nasikia, walikisikia mpaka barabarani. Mwanaisha ndiye aliyecheka mwisho, maana alikuwa akijizuia, na aliposhindwa ilibidi akaegemee nguzo. Kofia yangu ya vito ilikuwa ndani ya sufuria ya tui.

Walipotawanyika, Bakari akaja akakaa karibu na mkeka, mimi bado kifudifudi, siwezi kugeuka. Shati lake lilikuwa na doa la zafarani kifuani, pale bakuli lilipomwagika.  Kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba amelitazama lile tundu la paa, na amepiga magoti tena pale pale, na tundu liko juu ya kichwa chake barabara.

"Uliniambia niweke sikio," akasema.

"Nilikwambia."

"Ulikuwa unajua?"

Ningeweza kukana. Hakuna aliyekuwa na ushahidi isipokuwa vidole vyangu. Nikamwambia, "Nilijua inacheza. Sikujua maana yake. Nikaona haya kusema sijui." Na hapo nikalia, jamani, mtu mzima, uso umezama kwenye mkeka.

Bakari akajipangusa mchanga magotini. Akainuka akatoka. Nikasema basi, urafiki umekwisha, posa imekwisha, na kazi nayo itakwisha. Nje nilimsikia mwenyekiti akisema kwamba huyu asiguse tena kitu cha kijiji, atafutwe fundi aliyesoma, kutoka Dar. Watu wakaitikia. Walikuwa na haki. Halafu nikasikia sauti ya Bakari, ambaye saa mbili tu zilizopita nusura nimpasue kichwa.

"Fundi wangu ni huyuhuyu," akasema. "Wengine wote hawajajua kuogopa. Huyu leo amejua."

Maneno hayo sikuyalipa, na hayalipiki. Nimeyabeba mpaka leo.

Jumatatu, barabara ikiwa imeshafunguliwa, tukaenda Dar, Bakari na mimi, na mitungi, na koki (ile iliyoruka iliokotwa nyuma ya choo, imepinda). Basi lilikuwa na viti vitupu na mimi nilisafiri nimesimama kutoka Mlingotini mpaka Dar es Salaam, kila mtu anayenihurumia ananionyesha kiti na Bakari anawaambia kwa adabu kwamba mwacheni, ana nadhiri. Tukafika kwa fundi mmoja mzee wa Kihindi mwenye mashine ya kukereza, karibu na bandari. Hakutucheka. Akatoa kishada cha vibamba vya chuma vyenye meno, kipimo cha meno, akaweka kimoja ndani ya shingo ya mtungi, kingine kwenye koki, akaviinua juu kwenye mwanga nivione.

Mitungi ile ilikatwa meno ya inchi. Koki zile zilikatwa meno ya milimita, kwa ajili ya mitungi ya nchi nyingine. Zinaingiana, zinazunguka, zinafika chini, na zinashikana kwa ncha tu. Akasema kwa Kiswahili chake safi, "Hawa wawili wanaweza kusalimiana. Kuoana hawawezi." Akaniuliza vile vipete vya mpira viko wapi. Nikavitoa mfukoni. Akanieleza kwamba hivi ndivyo vinavyozuia hewa, meno kazi yake ni kushika tu, na katani yangu haikusaidia kushika, ilisaidia kuficha. Akalirudia neno hilo: kuficha.

Kisha nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu nilipoachwa na mzee wangu wa visima. Nikasema, "Mimi sijui. Nifundishe." Nilikaa kwake siku kumi na moja, nafagia vyuma, nasoma meno kwa macho na kwa ukucha. Alitupatia koki nyingine tatu, za meno ya inchi, kwa kubadilishana na zile mbili nzima na kwa kazi yangu. Siku ya kuondoka akanipa kile kishada cha vipimo, akasema yeye ameshakariri.

Tukarudi Mlingotini. Watu wakaja tena, na safari hii, nakiri, walikuja kunitazama mimi kuliko kuitazama mitungi, na wote wakasimama mbali kabisa. Mbuzi za jikoni zilikuwa zimefichwa, hilo nililiona. Mtungi ukazikwa kwenye mchanga, ukajazwa mpaka mwisho, aliyeinama karibu na koki safari hii nilikuwa mimi peke yangu, na hakuna kilichotoka isipokuwa jasho langu. Mwenyekiti akauliza swali.  Nikamwambia bado. Nikafungua mtungi hewa yote itoke, nikaitoa koki, nikaweka kipimo upya, nikatazama kipete, nikafunga tena, tukajaza tena. Watu wakaguna kwamba jua linakwenda. Bi Tatu akawaambia wenye haraka waende wakatwange.

Mwenyekiti akauliza mara ya pili, nikasema nimeridhia, na sauti haikuwa ya kupendeza. Sikutaka kofia. Bakari akanywa kombe lake lote, akaenda, akazama. Nilisimama kwenye maji mpaka kiunoni nikitazama vile viputo vyake vikija juu, kimoja, kingine, kingine, na kila kilichopasuka nilisema alhamdulillahi. Mashine ikatoka alasiri, ina tope na kaa mmoja ndani. Tuliisafisha kwa mafuta siku nne, ikasaga.

Na Bi Tatu akanipa binti yake. Nilimwuliza baada ya miaka kwa nini, naye akasema mara ya kwanza alimwona fundi kama fundi yeyote, mara ya pili alimwona mtu aliyesema bado.

Kwa hiyo nimeapa, na kiapo nimekishika: kitu kikicheza mkononi mwangu sikivishi nguo. Nasema sijui, kwa sauti, mbele ya mtu yeyote.

Leo ninamiliki hivi. Nyumba moja ya matofali Zinga, vyumba vitano, bati zima. Minazi thelathini na sita. Mashine moja ya kukereza, nimeinunua ikiwa mbovu na nimeifufua mwenyewe. Kishada kimoja cha vipimo vya meno, kimelika, sikiazimishi. Koki moja iliyopinda, iko dirishani. Mke mmoja, Mwanaisha, ambaye hata sasa akikuna nazi nikipita hunitazama tu. Kovu moja, ambalo sitawaonyesha. Na jirani mmoja, Bakari, mzee, kiziwi wa sikio moja kwa sababu ya umri tu, ambaye kila jioni huja kunywa kahawa yangu na kuisema vibaya, na anapumua.